Kutwa kucha Ngome Kongwe: mwongozo wa kulifaidi tamasha la filamu Zanzibar na marafiki

Mwaka wa kwanza tulipovuka kwenda ZIFF, tamasha la filamu la Zanzibar, tulikuwa watano, na wote tulikuwa na njaa ya filamu. Tulianza asubuhi, tukatoka ukumbi huu tukaingia ule, mchana tukala maandazi huku tunatembea, na hadi usiku tulikuwa tumeshatazama filamu sita. Tulipokaa bustani ya Forodhani kuvuta pumzi, mwenzetu wa Tanga akauliza, "Hivi yule mvuvi na binti yake, mwisho walipatana?" Tukatazamana. Sote watano tuliiona filamu ile siku hiyohiyo, na hakuna aliyeweza kumjibu.

Tangu hapo tukabadili mwendo. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kushinda kutwa nzima tamashani na wenzake, akatoka na filamu chache zilizomkaa moyoni. Kanuni yenyewe ni ndogo: filamu tatu kwa siku, nne zikizidi, na baina yake muda wa kuzizungumza. Karibu kila ninachokieleza hapa chini kinaitumikia kanuni hiyo. Nimeuandika kwa Zanzibar kwa sababu ndiko ninakokwenda kila nikijaliwa, na nauandika zaidi kwa wanaovuka kutoka Dar. Aliyeko Unguja anaweza kuruka habari za boti.

Hatua ya kwanza: tarehe, boti na pa kulala

ZIFF, Tamasha la Filamu la Kimataifa la Zanzibar, liliasisiwa mwaka 1997, na tamasha lenyewe la kwanza likafanyika 1998. Tangu mwanzo liliitwa pia Tamasha la Nchi za Jahazi, kwa kuwa lilikusudiwa kuzikutanisha nchi zilizounganishwa na pepo za msimu: pwani yetu hii, Uarabuni na Ghuba, Uajemi, India na visiwa vya bahari yetu. Ndiyo maana tuzo yake kubwa inaitwa Jahazi la Dhahabu. Siku hizi zinakuja filamu za Afrika nzima na za mbali zaidi.

Huangukia kati ya Juni na Agosti, lakini tarehe huhama mwaka hadi mwaka. Msinunue tiketi za boti kwa kukumbuka mwaka jana. Subirini tarehe itangazwe, kisha chagueni siku moja au mbili tu. Mimi napendelea siku za katikati. Siku ya ufunguzi ina hotuba nyingi na ya kufunga ina tuzo, na zote mbili zina msongamano. Katikati ndipo waongozaji wenyewe wanapatikana wakizunguka Ngome Kongwe, ile ngome ya zamani ambako filamu za usiku huonyeshwa nje, bila haraka, na ukiwa na swali unaulizia hapohapo.

Boti ya kutoka Dar ni mwendo wa saa mbili hivi. Kila mtu awe na kitambulisho chake, maana tiketi hukatwa kwa jina. Na wale wasiozoea bahari wajue kwamba miezi hii ni ya kusi. Upepo unavuma kutoka kusini na mawimbi ya mkondo wa Zanzibar hayana masihara. Kaeni chini na nyuma ya chombo, tazameni mbali pale bahari inapokutana na mbingu, wala msiangalie simu. Mama mmoja aliyekaa karibu nasi safari moja aligawa vipande vya tangawizi mbichi kwa kila kijana aliyemwona amekunja uso. Sasa nasi hatupandi boti bila tangawizi.

Jambo linalowaponza wengi ni kutaka kwenda na kurudi siku moja. Boti ya mwisho ya kurudi Dar huondoka alasiri, na filamu za Ngome Kongwe haziwezi kuanza mpaka jua lizame. Kwa hiyo anayerudi na boti hiyo amelikosa tamasha lenyewe. Lipieni pa kulala mapema. Nyumba za wageni za Mji Mkongwe hujaa wakati huo, lakini ukivuka Darajani kwenda upande wa Ng'ambo, Michenzani au Kikwajuni, ulizia huko pia. Unarudi kwa miguu tu.

Hatua ya pili: nani aende, na nani afanye nini

Watu wanne au watano wanatosha. Wakizidi hapo, kila hatua inakuwa kikao: twende wapi, tule nini, fulani yuko wapi. Chagueni watu wanaoweza kubishana bila kununiana, kwa sababu mtabishana. Si lazima wote wawe wapenzi wa filamu. Mwenzetu mmoja ni fundi umeme, hajui hata istilahi moja ya sinema, na ndiye anayeona vitu tusivyoviona. Yeye ndiye aliyetuambia kwamba katika filamu fulani nyumba ya maskini ilikuwa imetandazwa nyaya za tajiri, na tangu hapo hatukuweza tena kuiamini nyumba ile.

Gawaneni kazi kabla ya kuondoka. Mmoja ashike fedha: kila mtu achange kwa simu siku mbili kabla, na yeye ndiye anayelipa chakula, tiketi na nauli kwa pamoja. Hili linaondoa zile dakika ishirini za kutafutana chenji huku filamu imeshaanza. Mmoja ashike ratiba. Wa tatu ashike nafasi, yaani ndiye anayetangulia ukumbini na kanga mkononi kuwawekea wenzake pa kukaa.

Hatua ya tatu: kuisoma ratiba

Hapa ndipo siku inapojengwa au kubomoka, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kwanza saa. Ratiba inaandikwa kwa saa za Kizungu na sisi tunasema kwa saa za Kiswahili, na katikati yake watu wanapotea. Mwaka mmoja mwenzetu aliandikiwa "10" kwenye ujumbe, nasi tulimaanisha saa nne asubuhi kama ilivyokuwa kwenye ratiba. Yeye akaisoma saa kumi. Alifika alasiri, amepiga pasi shati, na filamu aliyoichagua mwenyewe ilikuwa imekwisha zamani. Andikeni kwa maneno: "saa nne asubuhi", "saa kumi alasiri", "saa moja usiku". Msiandike tarakimu peke yake.

Pili, kila mtu achague filamu moja tu ambayo wote wataitazama kwa ajili yake, hata kama hawaitaki. Mkiwa wanne, hizo ni filamu nne na siku imekwisha kupangwa. Utaratibu huu unamlinda mwenye sauti ndogo. Katika kila kundi yuko mmoja anayesema "mimi popote tu", na mara nyingi ndiye mwenye chaguo lililo bora kuliko yote akilazimishwa kulitoa.

Tatu, chagueni kile msichoweza kukipata kwingine. Filamu kubwa yenye majina makubwa itafika kwenye simu zenu kabla ya mwaka kwisha. Ila ile ya dakika arobaini iliyopigwa Komoro, au filamu ya makala ya kijana wa Pemba aliyemfuata babu yake mtengeneza ngalawa, huenda msiione tena maisha yenu yote. Mimi kila mwaka natafuta kwanza kipindi cha filamu fupi. Mnakaa saa moja na nusu na mnaona filamu tano au sita za waongozaji tofauti, wengi wao vijana ambao hii ndiyo kazi yao ya kwanza kuonyeshwa hadharani. Mmojawapo huwa amekaa safu ya nyuma, anatetemeka. Mkicheka mahali pake, anasikia. Mkinyamaza mahali pake, anasikia pia.

Nne, filamu mbili zikigongana, gawaneni wawili wawili, kisha mkutane mahali maalumu mkasimuliane. Kusimulia filamu kwa mtu asiyeiona ni sanaa ya zamani kwetu. Utoto wetu wengi tulizijua filamu kwa masimulizi ya kaka aliyekwenda mjini kabla ya kuziona kwa macho, na nyingine tulipokuja kuziona zilikuwa ndogo kuliko simulizi. Msikubali muhtasari wa maneno mawili. Anayesimulia aanze na picha ya kwanza aliyoiona pazia lilipowaka.

Bei za viingilio na filamu zipi ni za bure hubadilika, kwa hiyo mwenye ratiba aulizie mlangoni asubuhi na awajulishe wenzake mapema.

Hatua ya nne: mkobani

Kanga mbili au kikoi kwa kila mtu, na hili silisemi kama pambo. Viti vya uwanja wa ngome ni ngazi za mawe. Jua likizama bado yana joto, mnakaa kwa raha, kisha kufikia saa tatu usiku joto lote limeondoka, upepo wa bahari unapita juu ya ukuta, na ni kipupwe. Kanga moja ikunjwe mara nne iwe ya kukalia, nyingine ya kujifunika. Chukueni pia chupa ya maji, pawabenki, tochi ndogo, na daftari na kalamu. Simu inaweza kuandika, lakini ukiiwasha gizani umewaharibia watu ishirini nyuma yako.

Mavazi yawe ya kusitiri mabega na magoti. Mji Mkongwe ni nyumbani kwa watu, na mtapita vibarazani mwao tangu asubuhi hadi usiku. Viatu viwe vya kutembelea.

Hatua ya tano: asubuhi

Kunyweni chai ya maana. Chapati, maharage ya nazi, chai ya maziwa yenye iliki. Siku ni ndefu, na mtu mwenye njaa hatazami filamu, anatazama saa.

Kisha nendeni Ngome Kongwe mapema, kabla watu hawajajaa. Ngome hii waliijenga Waomani baada ya kuwatoa Wareno mwishoni mwa karne ya 17, mahali palipokuwa na kanisa la Wareno hao. Ingieni, zungukeni, tazameni pazia litakapotundikwa usiku, hesabuni ngazi, jueni vyoo viko wapi. Jirani yake ni Beit al Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Mkipoteana wakati wowote wa siku, mlango wa ngome unaotazama bahari ndio uwe pa kukutania. Hata mgeni wa siku moja atauona.

Filamu za mchana huonyeshwa kumbi za ndani. Ingieni moja asubuhi, na moja tu. Zikiwepo warsha au mazungumzo ya watengenezaji filamu, mmoja wenu aende akasikilize. Mimi nilijifunza jinsi sauti ya mvua inavyorekodiwa kwa kukaa nusu saa kwenye warsha niliyoingia kukimbia jua.

Hatua ya sita: mchana, na namna ya kuizungumza filamu

Adhuhuri mji unapumzika, nanyi pumzikeni. Wanaosali wana misikiti kila uchochoro. Kuleni wali samaki mahali wanapokula wafanyakazi wa maduka, si lazima penye bahari. Baada ya hapo tafuteni kahawa.

Sisi huenda Jaws Corner, ile njia panda yenye vibaraza ambapo wanaume wa mjini hukaa kuzungumza siasa na mpira tangu zamani. Muuza kahawa ana birika la shaba juu ya mkaa na vikombe vidogo visivyo na mkono. Kahawa ni chungu, kashata ni tamu, na kimoja hakinogi bila kingine. Salimuni kwanza, na msalimie kila mtu. Mkikaa kwa adabu na mazungumzo yenu yakasikika, wazee wataingia. Mara ya pili kwenda kwetu, mzee mmoja aliyekuwa akitusikiliza aliuliza, "Nyinyi vijana, sinema mmetazama wapi?" Tukamwamkia, tukamweleza. Akaanza kututajia sinema za ujana wake: Majestic pale Vuga, Empire, na Sultana. Akatuhadithia Jumapili jioni, familia zimevaa kama siku ya Idi, mabibi wamenukia asumini, watu wanazijua nyimbo za Kihindi kwa moyo bila kujua maana ya neno hata moja. Zile nyumba za sinema zilikuja kufungwa. Tangu siku ile nikiingia ngomeni naona kama tunaendeleza kitu ambacho mji huu ulikuwa nacho kabla yetu.

Sasa mazungumzo yenyewe. Tumejiwekea kwamba mtu haruhusiwi kuanza na "nzuri" wala "mbaya". Maneno hayo yanafunga mlango. Tunaanza na maswali matatu.

La kwanza: picha gani imebaki? Picha moja, si hadithi. Mkono unaochambua mchele, mlango ambao haukufungwa, jahazi lililopita nyuma wakati watu wawili wanagombana. Kila mtu ataje yake. Mtashangaa kuwa watu wanne walikaa safu moja na wakaona filamu nne.

La pili: nani hakupewa nafasi ya kusema? Karibu kila filamu ina mtu anayeleta chai na kuondoka, mtoto aliye mlangoni, mke asiye na jina. Muulizeni yeye angeisimuliaje hadithi ileile.

La tatu, na hili ndilo ninalolipenda zaidi: Kiswahili chao ni cha nani? Sikilizeni kama mzee wa Makunduchi anazungumza kama mzee wa Makunduchi au kama mtangazaji wa redio. Sikilizeni filamu ya Kenya inavyochanganya, ya Lamu inavyoimba, ya Bukavu au Lubumbashi inavyokwenda na mwendo wake kabisa. Nimeona filamu nzuri ikivunjika kwa sentensi moja ambayo hakuna bibi yeyote wa pwani angeitamka. Nimeona pia filamu ya fedha kidogo, sauti yake ina mikwaruzo, ukumbi mzima ukainama mbele kwa sababu mama kwenye pazia alimwambia mwanawe, "Haya nenda, lakini ukifika hapo chuoni, geuka nikuone." Wote tulikuwa tumeambiwa maneno kama hayo na mtu.

Na ikiwa filamu ni ya lugha nyingine na maandishi ya chini ni ya Kiingereza tu, mkiwa na mwenzenu au mzazi asiyekijua, msimwache gizani. Kaeni pembeni kabisa, na mmoja amnong'oneze yale ya lazima. Bibi yangu alitazama filamu nzima ya Kiajemi kwa njia hiyo, na mwisho alikuwa ameielewa kuliko mimi niliyekuwa nikifasiri.

Filamu ya pili ya siku iwe saa tisa au saa kumi alasiri, baada ya kahawa. Kabla ya hapo usingizi utawashinda.

Hatua ya saba: jioni Forodhani

Saa kumi na moja na nusu muwe mmeshatoka. Vukeni barabara mbele ya ngome mwingie bustani ya Forodhani, mkae ukutani kutazama makachu. Vijana wanakimbia kutoka mbali, wanaruka ukuta, wanajikunja hewani na kuzama baharini, tena na tena, mpaka jua linapogusa maji. Macho yaliyoshinda gizani yanahitaji kitu kama hicho.

Ikishaadhiniwa magharibi, taa za wauza chakula zinawaka. Ushauri wangu ni urojo. Muuzaji anaweka viazi, bajia, kachori, mishikaki miwili, chipsi za muhogo zilizovunjwavunjwa, anamimina rojo la njano lenye ukali wa embe mbichi, kisha chatne ya nazi na pilipili juu yake. Bakuli moja linakupeleka mpaka usiku wa manane bila kukulaza. Pweza na samaki wa mishikaki wanavutia macho, lakini ulizeni bei kabla kitu hakijawekwa jikoni, na muulize kwa Kiswahili, kwa salamu: "Habari za jioni, kaka. Huyu pweza mnatoaje?" Malizieni na juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi. Kuleni mmalize hapo hapo. Vifuko vya karanga na bisi vinavyokwaruza visiingie ngomeni.

Hatua ya nane: usiku, Ngome Kongwe

Mwenye kazi ya nafasi awe ameshatangulia. Nafasi nzuri ni katikati, ngazi ya nne au ya tano kutoka chini. Chini kabisa shingo itauma, juu kabisa upepo unakuwa wa wazi na sauti inatawanyika. Pembeni ni kwa wenye watoto na wanaofasiri.

Kutazama filamu chini ya mbingu ni kitu kingine. Popo wanapita kwenye mwanga wa projekta. Adhana ya isha itasikika katikati ya filamu, na mara nyingi inaipa filamu dakika ambayo mwongozaji hakuipanga. Msikasirike na sauti za mji, ni sehemu ya ukumbi.

Usiku mmoja umeme ulikatika. Kwenye pazia ilikuwa ni usiku wa mvua, mwanamke amebeba ndoo, anaiweka chini ya bati linalovuja, tone la kwanza likaanguka, ti, halafu giza. Watu mia kadhaa gizani. Kijana mmoja akapiga mluzi, wengine wakaanza kuwasha simu, na nyuma yetu wawili wakainuka kuondoka. Pembeni yangu alikuwapo bibi mmoja wa baibui ambaye mapema alikuwa ameniambia, "Sogea mwanangu, nami nipate pa kukaa," nikamkunjulia kanga yangu. Akasema kwa sauti, hakumwambia yeyote hasa: "Kaeni. Ndoo haijajaa bado."

Watu wakacheka, kisha wakakaa kweli. Tulisubiri kama robo saa, nyota zote nje, tunasikia bahari. Umeme uliporudi picha ilianza palepale, tone la pili likaanguka, ti, na uwanja mzima ukapumua pamoja. Niliwahi kutazama filamu katika kumbi zenye viti vya kulala na hewa ya baridi, na hakuna hata moja iliyonipa pumzi ile.

Kwa hiyo umeme ukikatika, kaeni. Msiwashe tochi kwenye nyuso za watu, msianze kupanga safari ya kurudi.

Filamu ikiisha msinyanyuke. Taa zikiwaka na mwongozaji akiitwa mbele, hizo ndizo dakika mlizozilipia nauli ya boti. Ulizeni swali moja, fupi, na liwe swali kweli, lisiwe hotuba ya kuonyesha kuwa mmesoma. Swali bora huwa linahusu kitu mlichokiona: kwa nini ndoo ilikuwa nyekundu, kwa nini baba hakuonyeshwa uso. Kama mwongozaji anakijua Kiswahili, ulizeni kwa Kiswahili hata kama msimamizi anaendesha kwa Kiingereza. Bibi yule wa baibui, kipaza sauti kilipozunguka, ndiye aliyeuliza: "Mwanangu, hiyo nyumba uliyoipiga picha, paa lake umewatengenezea?" Mwongozaji akanyamaza kidogo, akasema ndiyo, bati kumi na mbili. Makofi yaliyopigwa hapo yalizidi yale ya mwisho wa filamu.

Baadaye, akishuka, mfuateni mumwambie picha iliyowabakia. Hiyo moja tu, na asante. Watengenezaji filamu wetu wanafanya kazi miaka kwa fedha za kuungaunga, na wengi hawajawahi kusikia mtu wasiyemjua akiwaambia alichokiona.

Na mkipata habari kwamba kuna maonyesho ya vijijini, Unguja au Pemba, kama tamasha lilivyokuwa likifanya, acheni filamu moja ya mjini mwende. Ni usiku wa aina yake, watoto wamekaa mchangani mbele kabisa ya pazia.

Hatua ya tisa: kurudi kulala

Rudini pamoja. Vichochoro vya Mji Mkongwe usiku vinafanana vyote, na ramani ya simu hupotea kati ya kuta ndefu. Shikeni barabara kubwa ya Mizingani au ya Kenyatta mpaka mfike eneo mnalolijua, au muulize walinzi na wauza kahawa. Zungumzeni kwa sauti ya chini, watu wamelala madirishani juu yenu.

Kabla ya kuzima taa, toeni daftari. Kila mtu aandike picha moja kwa kila filamu aliyoiona siku hiyo, mstari mmoja, tarehe, basi. Asubuhi kwenye boti, kabla mawimbi hayajaanza, badilishaneni madaftari msome. Safari ile ya umeme kukatika mimi niliandika mistari sita mizito juu ya giza na nyota na bahari. Nilipofungua daftari la mwenzetu wa Tanga, yule aliyeuliza habari za mvuvi na binti yake mwaka wa kwanza, chini ya tarehe kulikuwa na neno moja: ndoo. Na chini yake, kwa kalamu nyingine: bati 12.